Kisanduku cha Sabuni Shingoni mwa Baba

Baba alikuwa akijibu "marahaba" hata kwa watu ambao hawakumsalimia. Mtu akipita mbele ya nyumba yetu na kufungua mdomo kwa sababu yoyote, kupiga mwayo, kufukuza mbuzi, kutema makapi ya muwa, baba aliinua mkono na kusema, "Marahaba, hamjambo huko?" Watoto walicheka wakakimbia. Watu wazima walijifanya hawakusikia.

Alikuwa na sababu yake. Kwetu Kilosa mzee asiyeitikia shikamoo ya mtoto huhesabiwa kuwa ana kinyongo na wazazi wa mtoto yule, na maneno ya namna hiyo huharibu ujirani polepole kama mchwa. Kwa hiyo aliona ni afadhali aitikie salamu ambayo haikutolewa kuliko kuacha hata moja iliyotolewa.

Masikio yake yaliliwa na korona. Ndivyo tulivyoita mashine ya kukamua majani ya mkonge, muda mrefu kabla jina hilo halijawa la ugonjwa. Babu alikuja kutoka mbali kukata mkonge, baba akarithi kazi kwenye shamba lilelile lakini akapandishwa hadi kwenye mashine, na pale mashineni akasimama tangu ujana wake mpaka shamba lilipobadilisha mwenyewe. Mwenyewe mpya hakuihitaji mashine ile wala watu walioizoea. Baba alirudi nyumbani kwetu, upande wa chini wa mji, ambako mto Mkondoa ukijaa unyevu hupanda ukutani hadi usawa wa dirisha. Alikuta nyumba ina ukimya ambao hakuwa ameutarajia. Tulikuwa tunaongea, yeye alikuwa hasikii.

Siku moja mzee jirani, mkubwa kuliko baba, alikuja asubuhi kumpa taarifa kwamba amefiwa na mkewe. Alisimama mlangoni, akaeleza. Baba alimtazama mdomo, akainua mkono, akasema, "Marahaba."

Mzee yule aligeuka akaondoka. Mama, aliyekuwa amesikia yote kutoka jikoni, alimkimbilia njiani akiwa na unga mikononi, akapiga magoti kuomba radhi. Baba alipoeleweshwa kwa ishara alichokifanya, aliingia ndani. Tangu siku hiyo hakukaa tena barazani. Kiti chake kikahamia nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la chumba chao, akawa anasokota kamba za mkonge akiwa ameelekea ukuta wa choo. Watu walianza kumzungumzia kama mtu aliyehama.

Mimi nilikuwa kidato cha nne. Nilikuwa nimeshikwa na ugonjwa wa redio. Miaka hiyo biashara ilikuwa imefunguliwa, redio kaseti kutoka nje zilifika Kilosa kwa wingi na kufa kwa wingi, na mizoga yake ilipatikana bure nyuma ya maduka. Mwalimu wetu wa fizikia aliniona ninavyozifumua, akaniazima kitu ambacho sikuwahi kukiona: ubao mweupe wa plastiki wenye matundu madogo yaliyopangwa safu kwa safu. Unachomeka miguu ya transista hapa, waya pale, na matundu yenyewe yanaunganishana kwa ndani. Huhitaji moto. Ukikosea unachomoa, unaanza upya. Hakuna kosa la kudumu kwenye ubao ule. Nadhani ndiyo maana niliupenda. Tangu hapo nimeishi Ifakara, Makambako, Tunduma na kwingine, na kote nimeishi hivyohivyo, kwa kuchomeka na kuchomoa.

Juu ya ubao ule nilitengeneza kipaza sauti cha sikio la baba. Kulikuwa na kinasa sauti kidogo kama punje ya hindi, nilichokitoa kwenye redio kaseti, transista tatu, betri mbili, na upande mmoja wa hedifoni. Nilifanya na kufumua kwa majuma mengi mpaka siku moja nilipokwaruza meza kwa kucha na kusikia sikioni kama mtu anapasua kuni.

Nilimwita baba mezani, nikamkalisha, nikamwekea hedifoni sikioni. Mama alisimama upande wa pili wa meza, karibu na kinasa sauti, mikono ameifunga kwenye kanga.

"Sema kitu, mama," nikamwambia.

"Niseme nini?"

"Chochote."

Mama alifikiri. Hakuwahi kumwita baba kwa jina mbele yetu. Alimwita "mzee" au "baba watoto", kama wake wengine wote wa mtaa ule. Mwishowe akainama kwenye ubao na kusema, "Mzee, unga umekwisha."

"Umekwisha lini?" baba akauliza.

Mama akafunika uso kwa kanga. Baba alimtazama mabega yakitikisika, akanitazama mimi, kisha akasema kwa sauti kubwa ya kiziwi, "Sauti yako imezeeka."

"Na yako je?" mama akamjibu kutoka ndani ya kanga. "Unadhani imebaki kijana?"

Tulicheka, wote watatu, na kifaa kikapiga mluzi kwa sababu hedifoni ilikuwa imesogea karibu na kinasa sauti. Baba alishtuka, akaomba kipige tena.

Lakini baba alisikia mezani tu. Ubao ule ulitaka utulivu. Mbuzi akigonga mguu wa meza, waya unaruka. Mtu akifunga mlango kwa nguvu, sauti inakatika, naanza kutafuta mguu upi umelegea. Ilibidi baba akae wima bila kutikisika, kama mtu anayenyolewa, nasi tupange foleni kuongea naye. Nje ya chumba kile alikuwa kiziwi kama jana. Barazani hakurudi.

Kisha mwalimu akapata uhamisho. Alinikuta kwenye korido ya shule akaniambia kwa upole kwamba ule ubao ni mali ya maabara na anakabidhi vifaa vyote kabla ya kufunga shule. Nilimwambia nitaurudisha. Nikaenda nyumbani, nikamkuta baba amekaa mezani anamsikiliza mama akichambua mchele. Anasikiliza punje zinavyoanguka kwenye ungo.

Basi ilinibidi kuhamisha kila kitu kutoka kwenye matundu na kukifunga kwa risasi ya kuyeyushwa, moja kwa moja. Ubao wa kufungia niliupata kwa seremala, kipande cha fomaika ngumu ya kufunikia meza kilichobaki kwake, nikakitoboa kwa njiti ya baiskeli iliyopashwa moto. Ramani yake niliichora juu ya karatasi iliyofungiwa maandazi. Karatasi ikinywa mafuta huonyesha upande wa pili, na hilo ndilo nililolitaka, kwa sababu vifaa vinakaa juu ya ubao lakini unaviunganisha kwa chini, na kwa chini kulia kunakuwa kushoto. Ukisahau hilo, transista zote zinakaa kinyume. Niliigeuza ile karatasi mara nyingi mpaka mama akauliza kama natafuta andazi.

Kilichokosekana ni moto na risasi. Fundi redio wa mjini alikuwa amefunga kibanda na kwenda Morogoro. Aliyebaki anayejua kuyeyusha risasi ni fundi wa bati aliyekaa karibu na soko, akitengeneza vibatari na mirija ya kumiminia mafuta. Yeye alikuwa mtani wetu. Kabila lake na letu yanataniana tangu enzi, kwa hiyo alikuwa na haki ya kututukana mchana kweupe, na sisi hatukuwa na haki ya kukasirika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe si mtoto wa yule kiziwi? Mwambie baba yako nimemtukana tangu masika na hajanijibu hata moja. Nimechoka kutukana ukuta."

"Ndiyo maana nimekuja. Nataka aanze kuyasikia matusi yako."

Aliacha kugonga bati. Nilimweleza. Alichukua transista, akaigeuza kwenye kiganja chake kilichopasuka. "Kidudu hiki ndicho kitamfanya mtani wangu asikie? Kaa hapa."

Akanifundisha. Pasi yake ilikuwa kipande cha shaba kwenye mpini wa chuma, kilichopashwa kwenye jiko la mkaa. Kwanza unaupaka mwungano maji makali kwa unyoya wa kuku. Maji yale yalikuwa kwenye chupa ya kijani, yakigusa bati yanachemka na kutoa moshi unaokaba koo. "Bila haya risasi haishiki," alisema. "Inakimbia kama mtani wako akiona jembe." Kweli, palipopakwa, risasi ilitambaa na kung'aa kama fedha. Pasi ilikuwa kubwa mno kwa kazi yangu. Niliziunguza transista mbili kabla sijajifunza kuzibana miguu kwa kibanio ili joto lisipande. Lakini ilipokwisha, kila mwungano uling'aa. Sikuwahi kutengeneza kitu kizuri vile.

Tulikifungia ndani ya kisanduku cha sabuni, kile cha plastiki chenye kifuniko. Baba mwenyewe alisokota kamba nyembamba ya mkonge, akakining'iniza shingoni. Nikarudisha ubao mweupe shuleni.

Siku ya kwanza alikwenda moja kwa moja kwa yule mzee aliyefiwa. Mama alitaka kumsindikiza, akakataa. Alikaa huko mpaka jua likapinda. Aliporudi alichukua kiti chake nyuma ya nyumba, akakirudisha barazani.

Mtaa mzima ukajifunza kukisalimia kisanduku. Watoto wakifika mbele ya baba waliinama, wakaweka mdomo karibu na "sabuni", kama walivyokiita wao, na kupaza, "Shikamoo babu!" Naye, "Marahaba," sasa kwa mtu anayestahili. Mtani alikuja kutoka sokoni siku hiyohiyo, akainama kwenye kisanduku na kutukana kwa utulivu, bila haraka. Baba alisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Hata matusi yako yamechakaa. Kayapige bati."

Shule ilipokwisha nilikwenda Mikumi kutafuta kazi. Kilosa palinibana, na barabara kuu ya Mikumi ilikuwa na malori yanayokwenda Zambia usiku na mchana. Nilipenda mahali ambapo watu wanapita. Nilipata nafasi kwenye kibanda cha fundi redio, mtu mnene mwenye sauti ya chini, aliyetengeneza redio za madereva wakati wao wanakula. Nilifagia, nikabadilisha betri, nikasafisha vichwa vya kaseti. Kila mara nilimpa kondakta wa basi la Kilosa betri mpya ampelekee baba. Naye alirudi na majibu: "Mzee anashukuru. Anasema anasikia vizuri kabisa."

Hata mvua zilipoanza nilituma. Majibu yakaja vilevile.

Siku fundi aliponiruhusu kuchomea waya wangu wa kwanza pale kibandani, nilitoa mfukoni kichupa nilichopewa na mtani pamoja na unyoya. Fundi alinishika mkono.

"Nini hicho?"

"Maji makali. Ya kushikisha risasi."

"Weka chini! Unataka kuua redio za watu?" Aliuchukua unyoya akautupa nje. "Hayo ni ya ndoo na vibatari, bwana mdogo. Bati ni nene, unalisuuza, basi. Kwenye redio yanabaki humo humo, yanakula waya polepole. Leo kinaimba, kesho kimekufa, nawe hujui kwa nini." Alinionyesha donge la ulimbo lenye rangi ya asali. Akalichovya kwa ncha ya pasi ya umeme, likatoa moshi wenye harufu ya mti. "Hii ndiyo ya kwetu."

Sikuwa nautazama ule ulimbo. "Inachukua muda gani?" nikauliza.

"Kufa? Inategemea unyevu. Umechomea wapi?"

"Kilosa. Karibu na mto."

Fundi alinitazama. "Basi kimeshakufa," akasema. Kisha, kwa sababu hakuwa mtu mkatili, akauliza ni cha nani.

Nilipanda basi la kesho yake. Njia nzima, tukivuka kijiji cha Ulaya na matope yake, nilijiambia kwamba fundi amekosea. Kondakta alikuwa haleti majibu ya uongo. Baba mwenyewe alisema anasikia.

Nilimkuta barazani, mgongo kwangu, anasokota kamba. Kisanduku kilikuwa shingoni, hedifoni sikioni.

"Shikamoo, baba."

Vidole vyake viliendelea kusokota. Nikasogea, nikasema tena, kwa sauti. Kuku akaruka, baba hakugeuka. Nikazunguka mbele yake. Uso wake ukafunguka. Aliinua kisanduku kwa mikono miwili kunielekezea, kama ilivyokuwa desturi, nami nikainama, nikasema kwenye sabuni yale maneno ambayo nilijua hayaendi popote.

"Marahaba, baba, marahaba," akasema. "Nimekusikia tangu unashuka kwenye basi."

Niliingia ndani kutafuta maji ya kunywa, na pale juu ya ukuta, mahali paa linapokutana na tofali, niliziona betri zangu. Zilikuwa zimesimamishwa moja baada ya nyingine kwa mpangilio, zikiwa bado kwenye karatasi zake. Mama alinikuta nazitazama.

"Alinikataza kukwambia," akasema.

Nilitoka nikaketi chini mbele ya baba, nikafungua kisanduku. Kila mwungano uliokuwa uking'aa ulikuwa na ukungu wa kijani, kama mawe ya kisimani. Nilipogusa mguu wa transista ya kwanza, ukabaki mkononi mwangu.

Baba alinitazama. "Tangu mvua za kwanza," alisema.

Nilimwuliza kwa mdomo na mikono: kwa nini hukusema?

"Ungerudi," akasema. "Nakujua wewe. Ungechomoka huko kama ulivyochomoka hapa. Nilitaka mahali pamoja ukae."

Alisokota kidogo, kisha akaongeza, "Na hiki kinanisaidia hata kikiwa kimya. Zamani watu walinisemea kisogoni, wakapita. Siku hizi wakikiona wanakuja mbele yangu, wanainama, wanasema taratibu. Midomo naiona vizuri. Nilikuwa nakosa mtu wa kusimama mbele yangu, basi."

Nilitaka kukichukua niende nacho Mikumi. Akakifunika kwa kiganja. "Chukua matumbo yake. Kisanduku kibaki."

Kwa hiyo, wakati mimi nikiwa kibandani Mikumi natoboa kipande kingine cha fomaika, baba alitembea Kilosa na kisanduku kitupu shingoni, na mtaa mzima ukaendelea kukisalimia. Safari ile nilitumia ulimbo. Fundi aliniazima pasi yake ya umeme, ndogo kama penseli, akakaa pembeni bila kunigusa mkono. Nilipomaliza nilisuuza kila kitu kwa spiriti kwa mswaki wa zamani, nikakianika juani, nikakisuuza tena. Hakikung'aa kama cha kwanza. Miungano ilikuwa midogo, ya kawaida, isiyovutia macho.

Niliporudi Kilosa na kukifunga ndani ya kisanduku, mvua ilikuwa inanyesha juu ya bati. Baba alisikiliza akikunja uso. "Mvua ina kelele kuliko nilivyokumbuka," akasema. Lakini hakukitoa.

Kwa mtani nilipita kabla ya kuondoka, nikamweleza kuhusu maji makali, kwa adabu. Alinisikiliza akigonga. "Vibatari vyangu vinawaka mpaka Tindiga," akasema. Baada ya kugonga kidogo tena akauliza, bila kuniangalia, "Sasa anasikia?" Nikamwambia anasikia. "Jioni nitakwenda kumtukana," akasema.

Kifaa kile cha pili hakikufa. Mimi nilichomoka Mikumi, kama baba alivyojua nitachomoka, nikaenda Ifakara, nikaenda kwingine. Kila niliporudi kukiangalia nilikuta kamba ya mkonge imebadilishwa, ndani pako vilevile. Alikivaa mpaka asubuhi aliyoshindwa kuamka.

Nilifika kutoka Tunduma siku ya mazishi. Mama alikuwa ameomba aachwe peke yake na baba chumbani kabla hatujamtoa, na mlango ulikuwa umefungwa. Tulikuwa nyuma ya nyumba tukingoja, pale kilipowahi kukaa kiti chake. Mtani akatokea. Siku ya msiba mtani ana kazi yake, na hakuna aliyeshangaa alipopaza sauti, "Hatoki mtu hapa mpaka kiziwi wangu anisikie!" Alikwenda kwenye msumari wa mlango wa uani, akachukua kisanduku kilichotundikwa pale, akakivaa shingoni. Akaleta kiti cha baba, akakaa chini ya dirisha la chumba kile, akaanza kusokota kamba isiyokuwepo. Mabega yaleyale. Shingo ileile. "Marahaba," akatuambia sote ambao hatujafungua mdomo, "hamjambo huko?"

Watu walicheka huku wakilia. Waliokuwa watoto zamani, sasa wana ndevu, walikuja mmoja mmoja wakainama kwenye sabuni. "Shikamoo babu." "Marahaba." "Shikamoo babu." "Marahaba, hamjambo?" Nami nilisimama kwenye foleni, nikainama.

Kisha, ili kumaliza mchezo, mtani akaweka hedifoni sikioni na kugeuza swichi. Betri nilikuwa nimetuma mwezi ule. Alifungua mdomo aseme jambo la kuchekesha, likabaki mdomoni. Mikono yake iliacha kusokota. Alikaa hivyo, kichwa amekiinamisha upande wa dirisha lililofungwa, na watu waliokuwa wanacheka wakanyamaza mmoja baada ya mwingine bila kujua kwa nini.

Alinivuta mkono nikachuchumaa.

"Mama yako anaongea naye," akaninong'oneza. Hakuwa mtani tena, alikuwa mzee tu. "Anamwita kwa jina."

Alinipa hedifoni. Niliiweka sikioni, nikasikia nguo ikiburuzika sakafuni, pumzi, na sauti ya mama, karibu sana, ikilisema jina ambalo sikuwahi kulisikia mdomoni mwake. Nikageuza swichi, nikazima. Tukangoja nje, mimi na mtani, mpaka alipomaliza na kufungua mlango mwenyewe.